Kijembe Wodini na Usalama wa Mgonjwa

Wananchi wanapolalamikia lugha ya watumishi wa afya, mara nyingi huzungumzia maneno waliyoambiwa wao wenyewe: mapokezi, kwenye dirisha la dawa au leba. Makala hii inaanzia nyuma ya hapo, kwenye maneno ambayo watumishi huambiana wao kwa wao, au husema juu ya mgonjwa wakidhani hasikii. Kwa sisi tunaoshughulikia ubora wa huduma, ni jambo la kawaida kukuta kwamba kauli iliyomuumiza mgonjwa ilikwisha kuzoeleka katika chumba cha wauguzi muda mrefu kabla yeye hajafika. Ndiyo maana nashikilia kwamba kauli ya dharau kazini ni hatari ya kitabibu, na inastahili kuripotiwa na kuchunguzwa kwa uzito uleule tunaoupa kosa la kipimo cha dawa.

Hapa Tanga tunasifiwa kwa lugha laini, na sifa hiyo kwa sehemu kubwa tunaistahili. Lakini lugha laini nayo hubeba ukali wake. Tusi la nguoni ni nadra kulisikia wodini; kinachosikika ni kijembe, fumbo, msonyo, au jina la kubandikwa ambalo zamu nzima hulicheka. Daktari mtarajali, yaani aliyehitimu na bado yuko kwenye mafunzo ya vitendo, akiuliza swali wakati wa raundi ya kupitia wagonjwa anajibiwa, mbele ya wagonjwa na wanafunzi, "Kumbe siku hizi vyuo vinagawa vyeti bure." Muuguzi wa ngazi ya astashahada huitwa "yule wa cheti". Mhudumu wa afya mwenye umri wa mama yao huitwa kwa kupigiwa mluzi. Kanuni inayokataza "lugha ya matusi" haiyagusi mambo haya hata kidogo, kwa kuwa msemaji atasimama mbele ya kamati na kueleza, kwa utulivu kabisa, kwamba hakumtukana mtu.

Utetezi unaotolewa zaidi ni kwamba ulikuwa utani. Watu wa mkoa huu, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju, hawahitaji kufundishwa utani ni nini, na kwa sababu hiyo utetezi huu haupaswi kupita kirahisi. Utani una masharti. Watani wanajuana, kila upande una haki ya kujibu, na anayetaniwa leo kesho ndiye anayetania, tena wakati mwingine mahali pazito kama msibani, bila mtu kuogopa lolote. Sasa tujiulize: mhudumu anayesukuma kitanda anaweza kumjibu daktari bingwa kwa kijembe cha aina ileile na kesho akarudi kazini bila hofu? Kama hawezi, alichoambiwa hakikuwa utani, hata kama yeye mwenyewe alicheka.

Tuchukue mfano wa makabidhiano ya zamu asubuhi, ambao mtumishi yeyote wa wodi atautambua. Kitandani yupo binti mwenye selimundu, amelazwa usiku kwa maumivu makali ya miguu na mgongo. Muuguzi wa usiku, ambaye amechoka na anataka kwenda nyumbani, anapita kitanda hadi kitanda akieleza dawa na vipimo, na alipofika kwa binti huyu anasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni yule wa sindano, mnamjua." Wenzake wanatabasamu. Hakuna aliyetukana. Lakini tangu dakika hiyo, binti akisema maumivu yamezidi, maneno yake yanapokelewa na watu waliokwisha kuambiwa kwamba anatafuta sindano.

Ubaya wa jina hilo unaonekana vizuri zaidi ukielewa ugonjwa wenyewe. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hugeuka umbo, hukakamaa na kuziba mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huuma vibaya sana. Hakuna kipimo cha maabara kinachoweza kumwambia daktari kwamba maumivu hayo ni makali kiasi gani. Kipimo kilichopo ni kauli ya mgonjwa. Ukiitilia shaka kauli hiyo, umeharibu kipimo pekee ulichokuwa nacho. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na mwambao wetu, wenye historia ndefu ya malaria, ugonjwa uliochangia kuenea kwa selimundu, una familia nyingi zinazoufahamu vyema.

Jambo hili limejaribiwa kisayansi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni walisomeshwa maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni, mwanamume wa miaka 28 mwenye selimundu. Kundi moja lilisoma maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, na kundi jingine lilisoma maelezo ya mgonjwa huyohuyo, yenye taarifa zilezile za kitabibu, ila yakiwa na maneno ya kumtilia shaka na kumshusha. Waliosoma maelezo ya pili walikuwa na mtazamo mbaya zaidi juu ya mgonjwa, na walichagua matibabu hafifu zaidi ya maumivu yake. Hawakuwa wamemwona mgonjwa wala kuudhiwa naye. Walirithi tu dharau ya mwandishi wa faili.

Kwetu faili huandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa mkaguzi anaweza kulifungua wakati wowote, mwandishi hujizuia. Ripoti ya mdomo hutolewa kwa Kiswahili na haina mkaguzi. Huko ndiko wanakozaliwa "yule wa sukari", "msumbufu wa kitanda cha sita", "primi mwenye kiburi" (primi ni mwenye mimba ya kwanza) na "mtoro", jina hili la mwisho likiwa ni la mtu aliyekosa kuhudhuria kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Huenda alikosa nauli ya kutoka Mabokweni, au alikuwa anamuuguza mzazi wake kijijini. Akishaitwa mtoro, hakuna anayeuliza tena. Itakumbukwa kwamba Sheria ya Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi dhidi ya watu wanaoishi na virusi hivyo, na mtumishi wa afya hakuwekwa kando na katazo hilo.

Dharau inayoelekezwa kwa mtumishi mwenzako ina njia yake ya kufika kwa mgonjwa, na njia hiyo ni ukimya. Jaribio lililofanyika Israeli na kuchapishwa mwaka 2015 lilizihusisha timu 24 za watumishi wa wodi za watoto wachanga mahututi. Timu hizo zilipewa zoezi la kumhudumia mtoto njiti ambaye hali yake ilibadilika ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Baadhi yao walisikilizishwa kauli za mtaalamu wa kigeni aliyeubeza kiwango cha tiba cha nchini humo na kudai kwamba watumishi wa aina aliyoiona wasingemaliza wiki moja katika idara yake. Hakupaza sauti, na wala hakuwataja wao kwa majina. Hata hivyo timu zilizosikia kauli hizo zilifanya vibaya zaidi katika kuutambua ugonjwa na katika kutekeleza matibabu, na watafiti walieleza sababu mbili: watu walipunguza kupeana taarifa, na walipunguza kuombana msaada.

Natamani kila mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo au hospitali, aisome sababu hiyo ya pili akiwa anaufikiria mfumo wetu wa rufaa. Mkoa wa Tanga ni mpana. Tabibu aliye zahanati ya ndani huko Kilindi au Handeni yuko safari ya saa kadhaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, na kabla ya kufika huko mgonjwa wake hupitia kituo cha afya na hospitali ya wilaya. Katika kila ngazi kuna simu ya kupigwa na barua ya kupokelewa, na katika kila ngazi kuna nafasi ya mtu kudharauliwa. Mpokeaji anayesema "hawa wa zahanati wameshaharibu" mbele ya ndugu wa mgonjwa, au anayemuuliza tabibu kwenye simu kama kweli alisoma, anaweza kuwa na haki kuhusu kosa lililofanyika. Lakini tabibu yule, safari ijayo, atajaribu kidogo zaidi kabla ya kupiga simu. Atangoja nusu saa nyingine aone kama damu ya mama aliyejifungua itakata yenyewe. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya wazazi duniani, na mama anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Nusu saa ya woga ni sehemu kubwa ya muda aliokuwa nao.

Kuhusu lugha inayomfikia mgonjwa moja kwa moja, mkoa wetu una ushahidi wake wenyewe. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Korogwe na Muheza chini ya mradi wa Staha, uliowahusisha watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, uliwauliza wanawake waliojifungulia vituoni kama walitendewa bila heshima. Walipoulizwa wakati wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Sehemu yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28. Kukaripiwa na kuambiwa maneno ya kukatisha tamaa au ya vitisho yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa zaidi. Akina mama wa leba wanayajua maneno hayo bila kuhitaji takwimu: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba mbona hukupiga kelele?"

Tofauti kati ya 19 na 28 inatupa somo ambalo wasimamizi wa vituo wanalikwepa. Mama aliye bado mikononi mwa watu waliomkaripia, mwenye kichanga na mishono, atakwambia huduma ilikuwa nzuri. Kituo kinachojipima kwa fomu inayojazwa mlangoni, au kwa sanduku la maoni lililotundikwa mbele ya meza ya muuguzi yuleyule, kinajipunja ukweli. Inafaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize swali hilo nyumbani, baadaye, mama akiwa amekaa na mama yake au wifi yake na hana wa kumwogopa.

Mradi huohuo ulionyesha kwamba hali hii hubadilika. Mkataba wa huduma kwa mteja, yaani maandishi ya haki na wajibu wa mteja na mtumishi, ulijadiliwa upya na wananchi pamoja na watumishi, kisha watumishi na viongozi wa kituo wakajipangia namna ya kuondoa yale yaliyolalamikiwa. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, uwezekano wa mwanamke kutendewa bila heshima, kwa kipimo cha kitakwimu kilichotumika, ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na mahali ambapo mpango huo haukuwapo. Hakujengwa hospitali mpya ili kufikia hapo.

Nasema hivyo kwa sababu uhaba wa watumishi hutajwa kila mara mjadala huu unapoanza. Uhaba upo, na muuguzi aliyeachwa peke yake na wazazi wengi usiku kucha anastahili kuonewa huruma na kuongezewa wenzake. Wapo pia ndugu wa wagonjwa wanaowatukana watumishi, na hao nao wakemewe. Lakini uchovu hauelezi kwa nini kijembe huwa kinashuka tu kutoka kwa mwenye cheo kwenda kwa asiye nacho. Wa chini naye amechoka, na hatumsikii akimbeza bosi wake.

Mabadiliko ya haraka zaidi hutoka kwa anayeongoza raundi. Kosa la mtarajali lirekebishwe palepale kama linamhatarisha mgonjwa, kwa maneno yanayohusu kitendo, mfano "kipimo hiki ni kikubwa kwa mtoto wa kilo 8, kipunguzwe sasa", na mazungumzo kuhusu mtarajali mwenyewe yafanyike pembeni. Ripoti ya zamu imtaje mgonjwa kwa jina na hali yake. Na muuguzi aliyesikia mwenzake akimwita mgonjwa kwa jina la kubandikwa anaweza kuuliza tu, "Samahani dada, huyo anaitwa nani?" Swali hilo halimfedheheshi mtu, na nimeona likifanya kazi kuliko hotuba za semina.

Mwananchi aliyesikia au kuambiwa kauli ya dharau anaweza kuanza kwa muuguzi mfawidhi wa wodi au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kisha mganga mfawidhi, na kwa zahanati na vituo vya afya ipo kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ina wawakilishi wa jamii. Makosa ya kitaaluma hupelekwa kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, yenye mamlaka ya kuwawajibisha wanataaluma wake. Malalamiko yenye nguvu hutaja tarehe, zamu, wodi na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Kuandika kwamba "nesi alikuwa na lugha mbaya" humpa mchunguzi kazi ngumu na humpa mlalamikiwa njia rahisi ya kutokea. Mtumishi anayedharauliwa na mkuu wake ana haki hiyohiyo, na pale ambapo mkuu huyo ndiye mganga mfawidhi, barua ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa, nakala ibaki kwake, na tawi la chama cha wafanyakazi lijulishwe siku hiyohiyo.