Pikapu ya umeme Kigoma: mzigo, mlima na mahali gari linapolala

Betri ya GMC Hummer EV, pikapu ya umeme iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2021, ina uzito unaozidi tani 1.2, na gari zima linazidi tani 4. Yaani kabla dereva hajapanda na kabla gunia moja halijapakiwa, gari hilo limekwisha kubeba mzigo mzito kuliko ule ambao Hilux ya kawaida imeruhusiwa kubeba, ambao ni takribani tani 1. Naanza na mfano huu kwa sababu wateja wengi wanaokuja karakanani kwetu hapa Kigoma kuuliza habari za pikapu za umeme huuliza kwanza gari linakwenda kilomita ngapi, ilhali kwa mtu anayeishi kwa kubeba mizigo, swali hilo linapaswa kuja la nne. Yanayotangulia ni uzito wa mzigo, mwinuko wa njia na mahali gari linapolala na kuchajiwa, kwa kuwa hayo matatu ndiyo yanayoamua betri ya ukubwa gani inahitajika, na betri ndiyo inayoamua bei ya gari na nafasi ya mzigo inayobaki.

Wamarekani walianza kwa kutaka masafa marefu. Rivian R1T iliwafikia wanunuzi mwaka 2021, Ford F-150 Lightning ikafuata mwaka 2022, na Cybertruck ya Tesla mwishoni mwa 2023. Lightning yenye betri kubwa ilihifadhi uniti 131 (nazungumzia kilowati-saa, uniti ile ile tunayonunua kwa LUKU) na ilikadiriwa kwenda zaidi ya kilomita 500, lakini wanahabari wa magari walipoifunga trela zito, masafa yalipungua kwa karibu nusu. Desemba 2025 Ford ilitangaza kusitisha uzalishaji wa gari hilo, na kwamba mrithi wake atakuwa na injini ya mafuta ya kuzalishia umeme. Wapo waliolisoma tangazo hilo kama kifo cha pikapu ya umeme. Mimi nalisoma kwa namna nyingine: kilichoshindwa ni jaribio la kulifanya gari la umeme litende kila ambacho gari la petroli linatenda, kwa kuliongezea betri tu.

Sababu iko katika asili ya nishati yenyewe. Kilo moja ya petroli ina nishati ya takribani uniti 12, wakati kilo moja ya betri iliyokwisha kufungwa kwenye gari, pamoja na kasha na mfumo wake wa kupoza, haifikishi hata robo ya uniti. Injini ya petroli hupeleka magurudumuni kama robo tu ya nishati hiyo, na iliyobaki hupotea kama joto katika rejeta na ekzosi. Mota ya umeme na vifaa vinavyoiongoza hupeleka zaidi ya asilimia 85. Kwa hiyo gari la umeme linatumia kidogo sana, lakini linabeba ghala zito. Ukiongeza betri ili uende mbali, unaongeza uzito unaokula sehemu ya kile ulichokiongeza, na matairi na springi ndivyo vinavyolipa.

Sasa tuchukue njia tunayoijua. Mfanyabiashara anapakia dagaa na migebuka pale Kibirizi, anapita Mwandiga na Kidahwe, anashusha Kasulu, kisha anarudi na maharage. Ni karibu kilomita 100 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na Kasulu iko juu zaidi kwa karibu nusu kilomita. Gari lenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo wake likiinuliwa mita 500 linadai uniti 4 za ziada, zisizohusiana na umbali. Wengi hushangaa kuwa mlima unaowatoa jasho madereva unagharimu uniti 4 tu. Katika gari la petroli gharama hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu injini inailipa kwa ufanisi wake wa robo, na wakati wa kushuka hairudishiwi chochote. Dereva anaweka gia nzito, breki zinapata moto, na nishati yote inaishia hewani. Mota ya umeme wakati wa kushuka hugeuka jenereta, ikalizuia gari huku ikirudisha kwenye betri sehemu kubwa ya kile mlima ulichokula. Hapo kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, kwa hiyo aliyechaji Kasulu hadi asilimia 100 anaanza mteremko akitegemea zaidi breki za kawaida. Afadhali aondoke na asilimia 80 au 85.

Gari ambalo ningelipima kwa njia hii si la Marekani, ni Isuzu D-Max ya umeme iliyooneshwa Bangkok mwaka 2024. Ina betri ya uniti 66.9, inabeba takribani tani 1, na kwa kipimo cha kiwandani inakwenda kilomita 263, yaani inatumia kama uniti 25 kwa kilomita 100. Toyota nayo ilionyesha Hilux ya umeme mwaka 2025, yenye betri ya uniti 59.2. Kwa D-Max iliyojaa samaki na kupanda, mimi nakadiria uniti 32 hadi Kasulu na 24 kurudi, jumla 56. Inafika, lakini akiba ya uniti 11 ni ndogo mno kwa barabara ya masika na kwa betri ambayo baada ya miaka kadhaa itakuwa imepungua uwezo. Dereva akichaji saa mbili wakati wa kushusha na kupakia, kwa chaja ya kilowati 7, anaongeza uniti 14 na wasiwasi unakwisha. Hiyo ndiyo hesabu nzima: si betri kubwa zaidi, ni soketi ya uhakika kule Kasulu.

Kuhusu pesa, tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita na pikapu inakunywa lita 12 kwa kilomita 100. Hiyo ni shilingi 36,000. Gari la umeme likitumia uniti 28 kwa umbali huo, bila kuhesabu zile zinazopotea wakati wa kuchaji, kwa shilingi 360 kwa uniti, ni takribani shilingi 10,000. Lazima niongeze kwamba pikapu nyingi za mizigo kwetu ni za dizeli, na injini ya dizeli ina ufanisi mzuri kuliko ya petroli, kwa hiyo pengo si pana kama Wamarekani wanavyoliona. Bado lipo. Miaka michache iliyopita nisingeandika haya, kwa sababu umeme wa Kigoma mjini ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, na gari la umeme lingekuwa linachoma dizeli kwa njia ya kuzunguka. Mkoa ulipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 hali ilibadilika, na mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5 unaelekea huko huko.

Mahali pa kulala gari ndipo wengi wanapojikwaa. Soketi ya kawaida ya nyumbani ikitumiwa kwa usalama kwa saa nyingi mfululizo hutoa kama kilowati 2.3, ambayo kwa betri ya uniti 60 ni zaidi ya siku nzima. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4 na inamaliza kazi hiyo kwa saa nane au tisa. Lakini ampea 32 kwa saa nane si sawa na pasi ya dakika ishirini. Waya mwembamba utapata moto, na katika baadhi ya nyumba za zamani nilizokagua Ujiji, waya wa ardhi upo kwenye soketi tu, haufiki ardhini.

Kwa mafundi wenzangu, oili ya injini, plagi, nozeli na kluchi vinaondoka. Bushi, springi, matairi na bearing vinabaki, na kwa uzito huo vitakuja karakanani mapema zaidi. Nyaya zenye ganda la rangi ya chungwa zinabeba takribani volti 400 za mkondo mnyoofu. Asiyefundishwa kuutenga mfumo huo, na asiye na glavu za kazi hiyo, asiziguse hata kama gari limezimwa.

Anayekwenda mbali kupita Kasulu, hadi Kibondo na Kakonko, na kurudi bila kulala njiani, ningemshauri abaki na dizeli yake kwa sasa, au aangalie pikapu za mseto kama BYD Shark ya mwaka 2024, yenye betri ya uniti 29.6 na injini ya petroli, ingawa mzigo inaoruhusiwa uko chini ya tani 1. Anayezunguka Kibirizi, Mwandiga na Kasulu anaweza kuanza maandalizi hata kabla gari halijafika bandarini Dar es Salaam: amwite fundi umeme mwenye leseni, apime waya wa ardhi wa nyumba yake, aone ukubwa wa waya unaotoka kwenye mita, na aulize ofisi ya TANESCO ya eneo lake kama transfoma ya mtaani inaweza kubeba kilowati 7 usiku kucha, hasa kama jirani naye ana mpango kama huo.