Kulehemu si kuchomelea

Fremu ya baiskeli niliyoimaliza mwezi uliopita imetundikwa uani, bado haijapakwa rangi, na kila anayepita husimama kuitazama. Mabomba yake ni ya kijivu, na kwenye kila kona, pale bomba linapoingia kwenye soketi, yaani kiungo cha chuma, unachungulia uzi mwembamba wa rangi ya dhahabu. Halafu swali linakuja, lile lile: "Fundi, umeichomelea kwa mashine gani?" Wapita njia siwalaumu. Lakini juzi aliyeuliza ni mtu anayewafundisha vijana ufundi wa vyuma, na hapo nikaona bora niandike.

Sikuichomelea. Nimeilehemu.

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma vyenyewe mpaka zichanganyike, zikapoa zikiwa kitu kimoja. Kulehemu ni kuunga vipande viwili kwa metali ya tatu inayoyeyuka mapema kuliko hivyo viwili. Vipande vyenyewe vinapata moto tu, haviyeyuki. Metali hiyo ya tatu ikiyeyuka chini ya nyuzijoto 450 tunaiita lehemu laini, kama mchanganyiko wa risasi na bati wa mafundi redio. Ikiyeyuka juu ya hapo ni lehemu ngumu, na hiyo ndiyo ya shaba au ya fedha inayoungia fremu za baiskeli. Maana ni hiyo tu. Kinachonikera ni jinsi neno moja linavyolimeza jingine, na maneno yenyewe yana asili zinazoeleza kila kitu.

Lehemu ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu: lamu, ha na mimu. Ndani ya mzizi huo mna lahm, yaani nyama. Mna liham, kile kinachounga metali. Mna iltiham, kidonda kufunga, nyama ya upande huu ikashikana na ya upande ule. Huko Sham, pande za Syria, laham ni muuza nyama, na katika Kiarabu cha leo neno hilo hilo ni fundi wa kuunga vyuma. Wabishi wangu husimama hapo: ikiwa wenye neno lao wanaita yote liham, ya umeme na ya shaba, Mswahili anabagua kwa nini?

Kwa sababu neno likishavuka bahari linakuwa na wenyeji wengine. Kiswahili kililishika lehemu mikononi mwa masonara na mafundi bati. Fundi bati anayetengeneza koroboi huunga mshono kwa risasi na bati, na kile kibati cha kopo chini ya mkono wake hakiyeyuki hata chembe. Kikiyeyuka hana koroboi. Sonara anayeunga pete ya mkufu huweka kipande kidogo cha fedha iliyochanganywa ili iwahi kuyeyuka, anapuliza moto, ile fedha inakimbia na kujaza ufa. Akiyeyusha mkufu wenyewe ameharibu mali ya mtu. Hiyo ndiyo lehemu tuliyoirithi. Wazee wetu walikuwa na kazi yenye mpaka wake, na neno wakalipa mpaka ule ule.

Kuchomelea nako ni neno letu la Kibantu lililonyooka, nami nalipenda. Choma, chomea, chomelea. Kitenzi kimenyambuliwa mara mbili, kama tupa, tupia, tupilia. Unyambuaji wa namna hiyo mara nyingi huongeza ukamilifu: aliyekitupilia mbali kitu amekitupa asikitake tena. Basi kuchomelea ni kuchoma kwa kwenda mpaka mwisho, na kwa chuma mwisho huo ni kuyeyuka. Aliyelipa jina hili kazi ya mashine ya umeme alikuwa anaona vizuri: chuma chenyewe kimechomwa mpaka kimekuwa maji. Ukilipeleka neno hilo kwenye kazi ambayo chuma hakiyeyuki, umelinyang'anya kitu kilichokuwa kinalipa maana.

Na shaba? Nayo ina jambo lake. Katika Kiarabu shabah lilikuwa jina la shaba ya njano, ile iliyochanganywa na zinki, na waliotunga kamusi zao walieleza kwamba iliitwa hivyo kwa kuwa inafanana na dhahabu. Mzizi ni ule ule wa kushabihiana. Kila mtu anayesimama mbele ya fremu yangu akauliza kama ile ni dhahabu, anarudia bila kujua kilichosababisha neno lizaliwe.

Sasa, kwa nini haya yana uzito kwa mtu anayetaka kujitengenezea fremu nyepesi nyumbani? Kwanza tuliondoe neno jingine njiani: "chuma chepesi". Hakuna chuma cha pua kilicho chepesi. Kile cha geti la nyumbani kwako na kile cha baiskeli ya mashindano vina uzito ule ule kwa ujazo, takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Tofauti ni nguvu. Kile cha baiskeli kimetiwa kromiamu na molibdenamu kidogo, au manganizi na molibdenamu kama ile 531 iliyotoka mwaka 1935, ya Reynolds, watengenezaji wa mabomba wa Uingereza, kwa hiyo kinastahimili hata ukuta wa bomba ukipunguzwa sana. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 28.6 lenye ukuta wa milimita 1.5: mita moja ina uzito wa kilo moja. Lipunguze ukuta hadi milimita 0.6, kipenyo kisibadilike, na mita hiyo moja inashuka hadi gramu 414 hivi. Wepesi wote wa fremu umetoka hapo, kwenye ukuta mwembamba.

Lakini ukuta mwembamba unaogopa moto wa maungio. Huko Birmingham, Uingereza, Alfred Reynolds, wa familia iliyokuwa ikitengeneza misumari, alilikuta tatizo hilo zamani. Mafundi wa siku zile walikuwa wakisokomeza kipande kingine cha bomba ndani, kwenye ncha, ili pawe pazito. Mwaka 1897 yeye na mwenzake J. T. Hewitt walisajili hataza ya kulivuta bomba moja likawa nene kwenye ncha na jembamba katikati, na kwa nje usione tofauti yoyote. Mpaka leo bomba zuri huandikwa kwa namba tatu, unene wa ncha, wa katikati na wa ncha ya pili kwa milimita: 0.9, 0.6, 0.9, au 0.8, 0.5, 0.8. Ule unene wa nchani umewekwa kwa ajili ya fundi wa moto.

Mashine ya kawaida ya umeme, ile iliyoko kwenye kila gereji ya mageti, huyeyusha chuma, na chuma huyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500. Mbele ya ukuta wa milimita 0.8, mkono ukichelewa nusu sekunde umetoboa. Shaba ya kulehemu inayeyuka karibu na nyuzijoto 900, na lehemu ya fedha inaweza kuyeyuka karibu na 650. Chuma kinabaki kigumu muda wote, na fundi ana nafasi ya kutazama, kuvuta pumzi, kurudi. Kwa hiyo anayejifunza uani kwake huanza na tochi ya gesi. Anaweza kukosea taratibu.

Nieleze inavyokuwa, maana aliyeiona mara moja hachanganyi tena majina. Bomba limekatwa na ncha yake imechongwa kwa tupa mpaka imekaa kwenye bomba la pili bila mwanga kupita. Limeingia kwenye soketi, kile kiungo cha chuma chenye midomo kinacholivaa bomba kama mkono wa shati. Kati ya bomba na soketi pamebaki nafasi ya kama sehemu ya kumi ya milimita, haizidi sana. Kila kitu kimesuguliwa kwa msasa mpaka kimeng'aa, kikapakwa boraksi, ile dawa ya kulehemia, iliyokorogwa ikawa kama uji mzito. Unawasha tochi na kuizungusha, unapasha soketi kwanza kwa kuwa ndiyo nene. Boraksi inatokota, inafura nyeupe kama povu, inatulia, halafu inageuka kioo cha majimaji. Chuma kinakuwa chekundu, kisha kinaelekea rangi ya chungwa. Unagusisha ufito wa shaba. Joto likiwa bado, shaba inasimama kama tone la umande juu ya jani la mgomba. Joto likifika inalala, inatandaa, inazama. Unahamishia moto upande wa pili wa soketi na shaba inaufuata, inapenya ndani kwa ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, mpaka unaiona ikichomoza kwenye mdomo wa chini, uzi mmoja wa dhahabu. Hapo unajua pamejaa. Ukiona moshi mweupe, umezidisha: zinki iliyomo kwenye shaba huchemka kwenye nyuzijoto 907, na moshi wake humtia mtu homa na baridi usiku kucha. Ndiyo sababu nafanyia kazi hii nje.

Hakuna mahali hapo ambapo chuma kimeyeyuka. Ukitaka, kesho unaipasha moto tena kona ile ile, shaba inalegea, unalitoa bomba lililopinda na kutia jipya. Kiungo kilichochomelewa hukifungui hivyo. Utakikata kwa msumeno.

Nilijifunza tofauti hii kwa hasara. Baiskeli aliyoniachia baba, moja ya zile nyeusi nzito za Kiingereza, ilipata ufa kichwani, pale bomba la juu linapokutana na la mbele. Nyingi za namna ile ziliungwa kwa soketi na shaba, na hiyo ilikuwa mojawapo. Niliipeleka gereji nikasema, "Fundi, nichomelee hapa." Akafanya nilichomwambia. Fimbo ya mashine ilipogusa ile kona, shaba ya zamani ilianza kuruka cheche na kutoa moshi mweupe mzito, na mshono ukawa na vitundu kama mkate. Akaongeza tabaka jingine juu, akasawazisha kwa grainda, pakapendeza. Haikumaliza mwezi. Ufa ulirudi pembeni ya mshono, mrefu kuliko wa mwanzo, na safari hii ukaingia kwenye bomba lenyewe.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Zinki ikichemka ndani ya chuma kilichoyeyuka huacha mapovu, na shaba iliyo majimaji huingia katikati ya chembe za chuma chenye moto mkali na mkazo, ikakipasua kutoka ndani. Kona iliyolehemiwa kwa shaba haichomelewi juu yake mpaka shaba yote iwe imeondolewa, na kuiondoa yote ni kazi ngumu. Yule fundi hakuwa mbaya wa kazi. Mimi nilimpa jina la kazi isiyokuwa yake, naye kwa heshima ya mteja akaifanya. Ningesema "lehemu kwa shaba", ama angechukua mtungi wa gesi, ama angeniambia hana.

Sisemi kuchomelea ni kubaya. Ipo mashine inayotumia sindano ya tangisteni na gesi ya agoni, na mkono uliozoea unaunga nayo mabomba membamba vizuri kabisa. Fremu nyingi za chuma zinazouzwa leo zimeungwa hivyo, zina nguvu na ni nyepesi kuliko zenye soketi. Hizo zimechomelewa, na ziitwe hivyo. Kwa upande mwingine, Reynolds walipotoa bomba lao la 753 katika miaka ya 1970, jembamba mno na lililotiwa ugumu kwa moto, walitaka liungwe kwa lehemu ya fedha tu, kwa kuwa joto la shaba lingeliondolea ule ugumu, na fundi alitakiwa kwanza apeleke kiungo cha majaribio kikapimwe. Wao hawakuona kwamba kuunga ni kuunga tu. Walitofautisha hata lehemu na lehemu.

Yule mwalimu tulimaliza kwa amani. Nilimshushia fremu, nikampitishia kidole kwenye ule uzi wa shaba, nikamwonyesha kwamba ukingo wa soketi bado una alama za tupa yangu, kali kama nilivyoziacha kabla ya moto. Akatazama kitambo. "Kumbe chuma hakikuyeyuka," akasema. Nikamwambia ndivyo, mwalimu, hakikuyeyuka, na ukifika darasani waambie vijana hii imelehemiwa.