Lami si lami, mzee wangu

Jumapili iliyopita nilialikwa kula kwa mzee mmoja wa Kitanzania anayeishi mashariki ya Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, hapa Minnesota. Pilau haijafunuliwa, akanishika mkono hadi gereji kunionyesha mali yake: ndoo ya galoni 5 ya ule mpako mweusi unaopakwa juu ya njia ya gari au maegesho ili yasichakae. Kijana wake kaununua ng'ambo ya mto, Wisconsin, kwa bei ya kutupa. Nikasoma lebo: lami ya makaa ya mawe. Nikamwambia, mzee, hii kwenye jimbo letu ni marufuku kuuza na kupaka tangu Januari 2014.

Akacheka. "Mwanangu, lami ni lami. Kutoka hapa mpaka Chicago barabara nzima ni lami. Nayo wataing'oa?"

Sentensi hiyo nimeambiwa na fundi wa maegesho, na mjumbe wa baraza la mji, na mchungaji mwenye kiwanja cha magari kikubwa kuliko kanisa lenyewe, na shemeji yangu mara mbili. Mimi riziki yangu ni kuchota tope kwenye mabwawa ya maji ya mvua na kulipeleka maabara. Kwa mzee nilinyamaza, maana mtoto aliyelelewa habishani na mwenye nyumba kabla ya kula. Hapa hakuna pilau, kwa hiyo nasema.

Kwanza tukubaliane kwamba Kiswahili kimetuponza. Tuna neno moja, lami, kwa vitu viwili ambavyo havijawahi hata kuzaliwa nyumba moja. Lami ya barabarani ni bitumini, masalia ya mafuta ghafi baada ya kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Lami ya makaa ya mawe hutoka kwingine kabisa: makaa ya mawe yanaokwa kwenye tanuri bila hewa ili yapatikane makaa ya koki ya viwanda vya chuma (siyo koki ya bomba, tafadhali), na kile kioevu cheusi kinachotoka humo ndicho hicho. Kinasafishwa, kinabaki kigumu cheusi, kinachanganywa na maji na udongo laini, kinatiwa kwenye ndoo. Wazungu nao wanakosea vilevile, kila cheusi cha barabarani wanakiita jina moja, kwa hiyo tusijilaumu sana.

Tofauti yao ni kiasi cha PAH, zile haidrokaboni za pete nyingi, kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Mpako uliotengenezwa kwa bitumini una kama miligramu 50 kwa kilo. Mpako wa makaa ya mawe una wastani wa zaidi ya 70,000. Oili chafu ya gari, ile ambayo mzee mwenyewe hakubali mjukuu aiguse, ina kama 440. Narudia kwa ajili ya shemeji: oili chafu 440, mpako 70,000. Na hatuzungumzii kitu kilichogunduliwa jana. Mwaka 1915 huko Japani, Yamagiwa na Ichikawa walipaka masikio ya sungura lami ya makaa ya mawe, wakarudia na kurudia, mpaka saratani ikaota. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, pamoja na tumbaku na asbesto.

"Lakini wanaitia kwenye shampuu ya mba!" Ndiyo, wanaitia, kidogo, na unaisuuza baada ya dakika chache. Kiwanja cha magari hukisuuzi. Kinajisuuza chenyewe, mvua ikinyesha, kuelekea kwangu.

Hapa ndipo penye jambo linalonikera kuliko yote: "Ikishakauka haina neno." Mpako ule haukai milele, ndiyo maana fundi anarudi kila baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Ule wa zamani umekwenda wapi? Matairi yameusaga, magari ya kusukuma theluji yameukwangua, umekuwa unga. Unga huo unaingia mtaroni, mwingine unapanda kwenye viatu na kuingia ndani. Watafiti wa idara ya jiolojia ya Marekani walifagia vumbi la maegesho katika miji 9. Kwenye maegesho yaliyopakwa ya miji ya kati na mashariki, Minneapolis ikiwemo, vumbi kwa kawaida lilikuwa na PAH miligramu 2,200 kwa kilo. Miji ya magharibi, yaani Seattle, Portland na Salt Lake City, ilikuwa na 2.1. Hakuna siri. Viwanda vya chuma viko mashariki, na mabaki yake yakauzwa hukohuko. Magharibi walizoea kupaka bitumini. Lami nyeusi pande zote mbili, mzee wangu, macho hayaoni tofauti.

Ndani ya nyumba za Austin, Texas, ghorofa za chini zilizopakana na maegesho ya mpako wa makaa ya mawe zilikuwa na PAH kwenye vumbi mara 25 ya zile zisizopakana nayo. Mtoto anayetambaa ndiye anayelamba vumbi hilo. Kwa mara ya kwanza naweza kusema desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ina faida ya kikemia.

Austin ndiko sheria zilikoanzia, na zilianza kwa bahati. Wataalamu wa mji walikuta tope lenye PAH za kutisha karibu na Barton Springs, bwawa la kuogelea linalopendwa sana pale, lililofungwa kwa muda mwaka 2003 kwa hofu hiyo. Watu walishuku taka za zamani zilizozikwa. Kumbe mwizi alikuwa mlimani juu, maegesho ya magari yanayopukutika. Mji ukapiga marufuku, kuanzia Januari 2006, wa kwanza nchini. Kaunti ya Dane huko Wisconsin ikafuata 2007, Washington DC 2009, jimbo la Washington 2011. Kwa nini miji na majimbo, siyo serikali kuu? Kwa sababu serikali kuu ilikwishaamua tangu 1992 kwamba mabaki ya tanuri za koki yakirudishwa matumizini hayahesabiwi kuwa taka hatari. Yakiwa kiwandani bila mnunuzi ni taka. Yakitiwa kwenye ndoo ni bidhaa. Mimi sitanii, soma sheria.

Minnesota tuliamshwa na pesa, si samaki. Kila mtaa mpya hapa unachimbiwa bwawa la kutuliza maji ya mvua, na bwawa likijaa tope lazima lizolewe. Tope safi unaweza kulimwaga kama udongo. Tope lenye PAH kupita kiwango linakwenda kwenye dampo lililotandikwa chini ili lisivuje, kwa bei ambayo mhasibu wa mji mdogo akiiona anaomba maji. Mwaka 2009 Bunge la jimbo liliagiza idara za serikali ziache kuununua mpako huu na likaitaka miji iorodheshe mabwawa yake. Miji kadhaa, White Bear Lake ukiwemo, haikusubiri, ikatunga sheria ndogo zake. Baadaye miji kadhaa ikavishtaki viwanda vinavyochakata lami hiyo, ikidai gharama za kuzoa tope.

Sasa niseme lile ambalo vitabu vinalipitia mbio. PAH hazina kitambulisho. Moshi wa magari unazitoa, kuni zinazitoa, tairi pia. Tunapodai kwamba sehemu fulani ya tope imetoka kwenye mpako, tunapima uwiano wa molekuli kumi na kitu na kuupeleka kwenye modeli inayokisia mchango wa kila chanzo, na baadhi ya vyanzo vinafanana kama mapacha. Mimi hutumia modeli hizo na bado kuna sampuli zinazonikosesha usingizi. Wataalamu wa upande wa viwanda walipima tope la Austin miaka miwili baada ya marufuku wakasema hakuna kilichobadilika. Mwaka 2014 wenzao wa serikali wakatoa matokeo ya nguzo za tope kutoka Lady Bird Lake, ziwa linalopokea maji ya mvua ya Austin, wakakuta PAH zimeshuka kwa asilimia 58. Mimi nawaamini wa pili, kwa sababu nguzo ya tope ni kama daftari, inaandika mwaka juu ya mwaka. Lakini hoja ya wale wa kwanza haikuwa ya kijinga: sheria inazuia kupaka upya, haikwangui kilichokwishapakwa. Vilevile makadirio kwamba wanaoishi kando ya maegesho hayo wana hatari ya saratani mara 38 ya wasioishi hapo yamejengwa juu ya dhana ya mtoto anameza vumbi kiasi gani kwa siku. Ukibadilisha dhana, namba inacheza. Haifiki sifuri, ila inacheza.

Tena kuna mtego: sheria nyingi zinataja makaa ya mawe kwa jina. Kuna mabaki mengine ya viwanda vya kemikali ya mafuta, yenye PAH nyingi pia, yanayoweza kuuzwa kwa lebo safi kabisa ya "haina lami ya makaa". Ningeandika sheria mimi, ningehesabu PAH kwa asilimia, jina liwe lolote.

Tulipomaliza kula nilimwonyesha mzee kipimo tunachokitumia uwanjani. Kumbe ndoo ya kwanza alikwishaipaka mwaka jana. Tukakwangua kipande kidogo ukingoni mwa njia, tukakitia kwenye chupa ya kioo yenye mafuta ya kuoshea brashi za rangi. Bitumini inayeyuka humo, kioevu kinakuwa kahawa. Lami ya makaa ya mawe haiyeyuki vizuri kwenye jamii ya petroli, ndiyo sifa inayoiuza, hata viwanja vya ndege huipenda kwa hiyo. Kioevu kinabaki rangi ya chai.

Tulikaa barazani kusubiri. Bibi akatuletea kahawa, mzee akaishika chupa na kikombe pamoja, akavitazama juani, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Chai," akasema.

Ndoo iliyobaki tunaipeleka Jumamosi kituo cha kaunti cha taka hatari za majumbani. Kanitaka nije na gari langu, maana lake, anasema, ni jipya.