Kiropraktiki kwa mtoto mchanga ni nini, na inasaidia kweli?

Kiropraktiki ni tiba ya mikono inayoshughulika na viungo, hasa pingili za uti wa mgongo. Ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Mwanzilishi wake, Daniel David Palmer, aliamini kuwa pingili ikihama kidogo hubana mishipa ya fahamu, na kwamba maradhi mengi sana chanzo chake ni hicho. Siku hizi wanaoitafuta zaidi ni watu wazima wenye maumivu ya mgongo na shingo. Hata hivyo, wapo matabibu wa fani hii wanaopokea watoto wa wiki chache tu, na wazazi huwapeleka kwa shida zilezile: mtoto analia mfululizo jioni, anacheua kila akinyonya, halali, au anageuza shingo upande mmoja.

Isichanganywe na kumkanda mtoto. Bibi anayempaka mjukuu mafuta ya nazi na kumpapasa mgongo na miguu anashughulika na ngozi na misuli. Tabibu wa kiropraktiki anatafuta pingili anayodhani imekwama, kisha anaisukuma. Kwa mtu mzima msukumo huwa wa ghafla, na mara nyingi kiungo hualika. Kwa mtoto mchanga, wengi hutumia ncha ya kidole kimoja au viwili, kwa nguvu ile unayotumia kubonyeza nyanya kujua kama imeiva. Wengine hutumia kifaa kidogo cha springi kinachogonga taratibu. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 10, na mara nyingi mzazi huambiwa arudi mara kadhaa ndani ya wiki 2.

Tatizo la kwanza ni umbile la mtoto mwenyewe. Anapozaliwa, pingili zake nyingi bado ni vipande vitatu vya mfupa vilivyounganishwa na gegedu, na vipande hivyo huungana kadiri miaka inavyokwenda. Kano zake ni laini, misuli ya shingo haijaweza kubeba kichwa, na kichwa chenyewe ni takriban robo ya urefu wa mwili wote. Kwa hiyo anayekwambia amehisi kwa kidole kuwa pingili ya mtoto wa wiki 5 imehama anadai jambo gumu sana kuthibitisha. Na shingo ya aina hiyo si ya kuzungushwa kwa nguvu hata mara moja. Madhara makubwa yaliyoripotiwa ni machache, ni kweli, lakini uchache wa ripoti si uthibitisho wa usalama.

Sasa tuje kwenye kilio, maana ndicho kinachowachosha wazazi kuliko yote. Msokoto wa tumbo, ambao wengi wetu tunauita mchango, ulipewa kipimo na daktari wa watoto Morris Wessel mwaka 1954: mtoto mwenye afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Kilio hiki hupanda taratibu, hufikia kilele karibu na wiki ya 6, kisha hushuka, na kwa watoto wengi huisha kati ya miezi 3 na 4 bila dawa yoyote.

Mkanganyiko unatokea hapo. Mzazi humpeleka mtoto akiwa amechoka kabisa, yaani wiki ya 6 au ya 7. Akimaliza mizunguko ya tiba, mtoto ana wiki 8 au 9, na kilio kilikuwa kinashuka hata hivyo. Anayesifiwa ni tabibu.

Jaribio lililofanyika Bergen, Norway, na kuchapishwa mwaka 2001 lilikwepa mtego huo. Watoto wa kundi moja walitibiwa mgongo. Wa kundi la pili walishikwa tu na muuguzi kwa dakika 10 hivi, na wazazi hawakujua mtoto wao yuko kundi gani. Waliotibiwa, 32 kati ya 46 walipata nafuu. Walioshikwa tu, 24 kati ya 40. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusema tiba ndiyo iliyofanya kazi. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, uliokusanya majaribio 6 yenye watoto 325, ulikuta kilio kikipungua katika mengi yake, ila katika majaribio ambayo wazazi hawakujua nani ametibiwa, nafuu hiyo haikuthibitika. Nchini Australia, bodi inayosimamia fani hiyo iliwazuia wanachama wake Machi 2019 kusukuma uti wa mgongo wa watoto wa chini ya miaka 12 wakati suala likichunguzwa.

Kucheua kunatokana na msuli wa mlango wa juu wa tumbo ambao haujakomaa, wala uti wa mgongo hauhusiki. Mbeulishe, kisha mshike wima dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Akilala, alale chali, bila mto.

Shingo iliyopinda ni habari nyingine, kwa sababu hapa msuli kweli una kasoro: ule wa ubavuni mwa shingo umekaza, na wakati mwingine utapapasa kijivimbe ndani yake wiki za mwanzo. Mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini atamfundisha mzazi namna ya kuunyoosha polepole, mara kadhaa kwa siku, na matokeo huwa mazuri mtoto akianzishiwa mapema. Nyumbani, ongea naye na mwekee vitu vya kutazama upande asiopenda kugeukia, na akiwa macho mlaze kifudifudi ukimwangalia. Usimvute shingo kwa kubahatisha.

Kinachotutia hofu zaidi ni muda unaopotea. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38°C au zaidi, anayetapika kijani, mwenye damu kwenye choo, utosi uliovimba, degedege, anayekataa kunyonya au aliyelegea, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Na kilio kikikuzidi, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika 5 hadi 10 upumue, au mwite mtu akupokee. Usimtikise kamwe: kumtikisa sekunde chache tu kunaweza kupasua mishipa ya damu kichwani.