Anga linalodhibitiwa: ruhusa ya kurusha ndege nyuki karibu na kiwanja cha ndege ni ruhusa ya nini hasa?

Ami wa bwana harusi alinishika mkono pale barazani, Mbweni, jirani na kiwanja cha ndege cha Unguja, jua limeshaanza kuelekea baharini. "Mwanangu, irushe dakika mbili tu. Nyumba yangu, kiwanja changu, shughuli yangu. Nani atakukataza?"

Nikamwambia, "Ami, nyumba ni yako, lakini anga la juu yake lina wenyewe."

Hakufurahi, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimeshamwambia kila kitu kiko tayari, kumbe ruhusa niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya saa nyengine. Kosa langu nitalieleza mbele kidogo. Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe, anga linalodhibitiwa, maana wengi wetu tunaorusha ndege nyuki, yaani droni, kwa malipo hapa Unguja tunalisikia kila siku na tunalichukulia kuwa ni jina la karatasi.

Anga linalodhibitiwa ni sehemu ya anga iliyopimwa na kuwekewa mipaka, ambamo kuna muongoza ndege aliyepewa jukumu la kuzipanga ndege zisigongane. Kimataifa anga limegawanywa kwa herufi kuanzia A mpaka G. Kuanzia A hadi E ndilo linalodhibitiwa. F na G halidhibitiwi. Sehemu inayozunguka kiwanja chenye mnara wa kuongozea ndege huanzia chini kabisa, kwenye mchanga unaoukanyaga, halafu juu yake huwekwa sehemu nyengine iliyo pana zaidi isiyogusa ardhi. Fikiria sufuria iliyobeba sinia. Ukiwa mbali na sufuria, lile sinia lipo juu yako sana na halikuhusu. Ukiwa ndani ya sufuria, hata mita 10 tu juu ya paa umeshaingia.

Watu wengi hapa ndipo wanapoteleza. Wanaona ndege zikipita juu sana, wakadhani chini yake pamebaki nafasi ya bure. Piga hesabu. Ndege inayokuja kutua kwa kawaida huteremka kwa mwinamo wa nyuzi 3. Maana yake, ikiwa imebakisha kilomita 4 kufika pale inapogusa njia, ipo kama mita 210 kutoka chini. Ikibakisha kilomita 2, ipo mita 105. Ikibakisha kilomita 1, mita 52, yaani minazi mirefu miwili iliyopandana. Sasa kumbuka kwamba katika nchi nyingi kikomo cha kawaida cha ndege nyuki ni futi 400, kama mita 120. Basi mtu anayesema "mimi sikuvuka kikomo" anaweza kuwa anasema kweli kabisa, na ndege ya abiria ikawa imepita chini ya ndege nyuki yake.

Nilisimama siku moja juu ya dari la nyumba upande wa Kiembe Samaki, sikuja na ndege nyuki wala chochote, nikaziangalia Caravan, zile ndege ndogo za abiria, zinazotoka Dar es Salaam na Pemba zikiingia. Unaona magurudumu. Unaona rangi ya mkia na madirisha yake. Ndege ile inakuja kwa zaidi ya mita 40 kila sekunde. Rubani akiiona ndege nyuki ikiwa mita 200 mbele yake, na kuiona kitu cha kijivu kisichofika kilo moja ni shida kweli, ana sekunde kama tano. Na muongoza ndege haioni kabisa. Kidude kama hicho hakina kifaa cha kujitambulisha kwenye rada, na kutoka mnarani macho hayafiki Mazizini wala Chukwani.

Kwa hiyo ruhusa ya kuingia katika anga hili kazi yake ya kwanza ni kumfanya muongoza ndege ajue kitu asichoweza kukiona: kipo wapi, kimepanda kiasi gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, na nani ana rimoti. Akishajua anaweza kuzipanga ndege zake kukiepuka, au akakwambia usubiri, au akakataa.

Ndiyo maana ruhusa nyengine hazisimami badala ya hii. Usajili wa ndege nyuki unasema chombo ni cha nani. Kibali cha kufanya kazi ya kulipwa kinasema wewe unaaminika kuifanya. Mwenye nyumba au hoteli anaruhusu usimame uwanjani kwake. Ukipiga filamu, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni lina lake, na vyombo vya ulinzi navyo vina kauli. Yote hayo unaweza kuwa nayo kwenye bahasha moja, na bado muongoza ndege asiwe na habari kwamba upo. Na ile programu ya kwenye simu inapokufungulia eneo jekundu, aliyekufungulia ni kampuni iliyotengeneza chombo. Mnara hauna habari.

Kuna mkanganyiko wa kwetu Zanzibar ambao unastahili kusemwa wazi. Viwanja, yaani Abeid Amani Karume hapa Unguja na kile cha Chake Chake kule Pemba, vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Lakini usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na anayelisimamia anga lenyewe ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Mtu anakwenda kwa wenye kiwanja, anakaribishwa vizuri, anarudi nyumbani akiamini amemaliza. Amezungumza na wenye nyumba, wenye anga bado.

Maombi yenyewe, ukiyasoma kwa utulivu, yanauliza mambo ambayo muongoza ndege anayahitaji, na wanaoyajaza huharibu sehemu mbili.

Ya kwanza ni urefu. Ndege nyuki huhesabu kuanzia pale iliporukia: kwenye skrini sifuri ni pale ulipoiweka. Ukiirushia juu ya dari la ghorofa nne, tayari umepanda mita 12 au zaidi ambazo skrini haizijui. Rubani anaangalia kipimo kinachotegemea mgandamizo wa hewa, na karibu na kiwanja huwekwa kihesabu kutoka usawa wa bahari. Unguja tofauti hiyo ni ndogo kwa sababu kiwanja kipo mita chache tu juu ya bahari. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, na anayesimama juu ya kilima cha mikarafuu akasema "nipo mita 60" anatakiwa aseme mita 60 kutoka wapi. Andika zote mbili, kutoka ardhini na kutoka usawa wa bahari.

Ya pili ni saa, na hili ndilo lililonipata. Harusi ilikuwa saa kumi jioni, nami kwenye fomu nikaandika 10:00. Kwa Mswahili hiyo ni saa kumi, hakuna mjadala. Kwa watu wa anga duniani kote saa ni ile ya Greenwich, na sisi tumewatangulia kwa saa tatu. 10:00 yao ni saa saba mchana yetu. Nilipewa nafasi kuanzia saa saba mpaka saa nane mchana, kama nilivyoomba. Saa kumi jioni huandikwa 13:00. Sasa naandika namna tatu kwenye mstari mmoja: saa kumi jioni, 16:00 ya Afrika Mashariki, 13:00 ya Greenwich.

Huko Marekani hatua hii wameifanya nyepesi. Tangu 2018 wamesambaza mfumo ambao anga la karibu na viwanja limechorwa vijisanduku kwenye ramani, kila kimoja kina urefu wake, kuanzia sifuri mpaka futi 400, na mwenye leseni anaomba kwa simu akajibiwa ndani ya sekunde. Akitaka zaidi ya kilichoandikwa kwenye kisanduku, ombi linakwenda kwa binadamu. Naupenda mfumo huo na natamani tuwe nao. Kazi zipo: tangu 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki na Kamisheni ya Ardhi kuvipiga picha visiwa vyote viwili kwa ramani, na mahitaji hayajapungua. Lakini hata kule kinachotokea ni kilekile. Mnara unajua.

Na ukitaka kuona mnara usipojua inakuwaje, Disemba 2018 kiwanja cha Gatwick, Uingereza, kilisimamisha safari kama 1,000 kwa taarifa tu za ndege nyuki kuonekana. Abeid Amani Karume ina njia moja ya kurukia. Ikifungwa, mgonjwa anayetoka Pemba anabaki Pemba, au anazungushwa hewani.

Ami aliniita tena, walima, wiki iliyofuata. Safari hii saa zilikuwa sawa. Nikapiga simu kabla ya kurusha, nikaambiwa nisubiri kidogo, tukangoja dakika nane watu wote wameinua vichwa. Caravan ikapita upande wa bahari, ikatua. Simu ikalia: rusha, usivuke mita 30, ukimaliza sema. Nilipoiteremsha nikapiga tena nikasema nimeshatua, maana ruhusa haijafungwa mpaka useme hivyo, na mpaka hapo kuna mtu anakuhesabu kwamba bado upo hewani.

Ami alikuwa amesimama pembeni yangu muda wote. Akaniuliza, "Walikuwa wanakungoja wewe?"

"Ndiyo, ami."