Daraja la Bollman kule Savage: watu wanachodhani na ukweli wenyewe

Eti limehifadhiwa kwa sababu ni zee tu. Hapana jamani, Marekani yapo mazee kuliko hili. Hili la Savage, Maryland, ndo daraja pekee la reli la kenchi (fremu za chuma zinazobeba daraja) za muundo wa Bollman lililobaki duniani, ndo maana 1966 chama cha mainjinia ASCE kikalifanya la kwanza kabisa kwenye orodha yake ya kazi za kihistoria.

Eti lilijengwa hapohapo juu ya mto Little Patuxent. Lilijengwa 1869 sehemu nyingine kwenye reli ya Baltimore & Ohio, likafunguliwa vipande na 1887 likaletwa hapo kwenye kareli ka pembeni kanakoingia kiwanda cha turubai, Wendel Bollman mwenyewe, aliyebuni muundo huu, alishafariki 1884.

Halafu hii ndo inaniuma zaidi, "chuma ni chuma tu". Sio kweli hata kidogo! Chuma cha kusubu (kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kinabeba mzigo wa kukandamizwa vizuri sana ila ukikivuta kinapasuka, chuma cha kufua (kinachopigwa na kunyooshwa kikiwa cha moto) ndo kinavumilia kuvutwa, kwahiyo Bollman akaweka cha kusubu kwenye nguzo na boriti za juu, na zile fito ndefu za mshazari akaweka cha kufua. Na hizo fito watu wanaziona nyingi wanadhani ni mapambo, au kwamba ikikatika moja daraja zima linaenda mtoni, wakati kila sehemu inayobeba mzigo ina fito zake mbili zinazopanda hadi nguzo za mwisho huku na huku, moja ikikatika zile sehemu nyingine bado zimening'inia kwa fito zao. Kwa reli ya miaka ile hiyo ilikuwa akili kubwa sana. Ubaya wake ni kwamba fito mbili hizo urefu hautoshani, jua likiwaka zinatanuka tofauti na viungo vinalegea.

Eti ni kazi ya msomi wa chuo. Bollman alikuwa fundi seremala, uinjinia alijifunzia kazini, na hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya muundo huu alipata 1852.

Na wale wanaosema sasa wanapita waenda kwa miguu tu kwahiyo halihitaji matunzo, adui wa daraja kama hili ni maji yanayotuama kwenye viungo, kutu haijali kama juu inapita treni au mtoto na baiskeli, kukwangua na kupaka rangi kuko palepale.