Paneli ya ukutani si simu

"Kaka, si unaiflashi tu kama simu?" Swali hili limenichosha. Anayeuliza huwa ameshanunua Sonoff NSPanel, swichi ya ukutani yenye skrini ya kugusa, ameshatazama video moja ya kuiflashi, yaani kutoa programu ya kiwandani na kuweka nyingine, na anachotaka kwangu ni bei ya "kazi ndogo ya nusu saa". Naandika hapa ili akija mwingine nimtumie linki.

Nazungumzia NSPanel ya kawaida, ile ya skrini ya inchi 3.5 na vitufe viwili. NSPanel Pro ni habari nyingine. Ile ni Android kweli: unawasha menyu ya wasanidi, unaingia kutoka kwenye kompyuta kwa ADB, unaweka programu yako, na hapo ukiniletea mfano wa simu sitabisha sana. Hii ya kawaida haina Android wala cha kuruti, yaani cha kufungulia mamlaka yote ya mfumo. Ndani yake mna kompyuta mbili ndogo, kila moja na programu yake, zinazoongea kupitia nyaya mbili tu, ya kutuma na ya kupokea. Asiyelielewa hilo atahangaika wiki nzima.

Ya kwanza ni ESP32, chipu yenye wifi. Hii inashika wifi, relei mbili (swichi za ndani zinazowasha taa), vitufe na kipima joto, na ndiyo unayoiwekea programu mbadala, Tasmota au ESPHome. Ya pili ni skrini yenyewe. Ni Nextion, ina prosesa yake na memori yake, na kurasa zote, picha na herufi unazoziona zimehifadhiwa humo ndani kwenye faili la TFT. ESP32 haichori hata nukta moja. Inachofanya ni kuituma skrini: badilisha maandishi haya, fungua ukurasa ule. Skrini nayo inajibu: nimeguswa hapa.

Sasa mtu anaflashi ESP32, inakubali, anawasha kwa furaha, na skrini inamwonyesha ukurasa uleule wa kiwandani. Simu inaita: "Fundi, imekufa." Haijakufa. Umebadilisha upande mmoja, upande wa pili bado unasubiri kusemeshwa kwa itifaki ya zamani. Na hata ukiwa na TFT mpya mkononi, skrini inaweza kukukatalia, kwa sababu ikitoka kiwandani imewekwa kwenye hali ambayo haisikilizi amri za kawaida za Nextion. Kuitoa kwenye hali hiyo unaitumia neno hili: DRAKJHSUYDGBNCJHGJKSHBDN, kisha baiti tatu za FF. Utadhani paka kapita juu ya kibodi, lakini ndiyo amri yenyewe. Ukikosea herufi moja skrini inakaa kimya, haikuambii hata kwamba umekosea.

Halafu subira, TFT ikiingia kwenye skrini. Kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde unapitisha baiti 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo TFT ya megabaiti 5 inachukua zaidi ya dakika saba ikienda bila kusita. Watu wanachomoa umeme dakika ya tatu wakidhani imeganda. Ukipandisha hadi 921600 kwa hesabu inashuka chini ya dakika moja, ila wifi inayoleta faili ikiwa mbovu utarudi kwenye kasi ya chini mwenyewe bila kuambiwa. Na ukitaka kuchora kurasa zako, Nextion Editor ni ya Windows tu. Mwenye Mac, pole.

Kuflashi ESP32 kwenyewe nitapita haraka. Tenganisha ubao wa mbele na ule wa umeme, na usiunganishe adapta ya USB (ile inayounganisha kompyuta na ESP32) wakati paneli iko kwenye umeme wa ukutani. Hili sitalirudia. Weka adapta kwenye volti 3.3, si 5. Pini ya GPIO0 iguse graundi wakati wa kuwasha. Kabla ya yote chukua bakapu ya megabaiti zote 4 kwa programu ya esptool. Paneli ikijiwasha upya mfululizo, kagua adapta kwanza: pini ya 3.3 ya adapta yenye chipu ya FT232R inatoa miliampea 50 tu, na ESP32 ikiwasha wifi inataka mamia. Watu wanalaumu chipu kumbe wameinyima chakula.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu ya wingu, yaani seva za kiwanda kwenye intaneti. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa vya nyumba janja, zilizimwa ghafla na watu Marekani wakabaki na vifaa ambavyo app yake haifanyi kazi. Ukiwa na programu yako mwenyewe, paneli haihitaji seva ya kiwanda. Mpaka hapo nakubaliana na kila mtu. Kinachonikera ni sentensi inayofuata: "Kwa hiyo haitegemei kitu." Inategemea ruta yako na Home Assistant yako (programu inayosimamia vifaa vya nyumba kutoka kwenye kompyuta yako), ambazo umeme ukikatika nazo zinalala.

Na hapa kuna kitu ambacho video hazikitaji. ESPHome isipoona Home Assistant kwa dakika 15, inajiwasha upya yenyewe. Ndivyo ilivyowekwa tangu mwanzo. Na relei, usipoiambia vinginevyo, ikiwaka inaanza ikiwa imezimwa. Unganisha hayo mawili: umeme umerudi saa nane usiku, kompyuta ya Home Assistant imekwama haijaamka, na taa ya korido, hata ukiiwasha tena, inazimika kila baada ya robo saa. Mwenye nyumba anaapa paneli ina majini. Dawa ni mistari miwili kwenye mipangilio ya ESPHome: reboot_timeout ya api (muunganisho na Home Assistant) iwe 0s, na restore_mode ya relei ikumbuke hali ya mwisho. Kitufe nacho kiguse relei moja kwa moja seva ikiwa haipo. Je, kuondoa huko kujiwasha upya ni sahihi? Sina amani nalo kabisa. Kuliwekwa kwa sababu, maana kuna mikwamo ambayo haiponi bila kuwasha upya. Mimi naondoa kwenye api na kuacha kwenye wifi, na kuna mafundi ninaowaheshimu wanaofanya kinyume.

Jingine ambalo sijalimaliza ni joto. Kipimo kiko ndani ya kisanduku kimoja na skrini inayotoa joto, basi namba inapanda juu ya joto halisi la chumba. Kila mtu anakwambia "toa digrii kadhaa." Kadhaa ngapi? Mwanga wa skrini ukipungua usiku tofauti nayo inabadilika. Kama paneli itaamua AC iwake lini, natundika kipimo kingine mbali nayo. Namba ya kwenye skrini naiacha kama pambo.

Sasa nyaya. NSPanel inataka nyutro, waya wa kurudisha umeme, na kwenye nyumba nyingi za kwetu boksi la swichi lina nyaya mbili tu, laivu inayoshuka na laivu inayopanda kwenye taa. Nyutro imebaki juu darini. Hakuna programu itakayoishusha. Kuna mafundi wanachukua ethi, waya wa usalama, wanaifanya nyutro, paneli inawaka, wanalipwa, wanaondoka. Siku ethi hiyo ikikatika mahali, kila chuma kilichofungwa nayo kinaweza kuwa na umeme. Vuta waya mpya wa nyutro, au weka paneli mahali nyutro ilipo.

Relei zenyewe ni za taa, ampea 2 kila moja. Hita ya maji ya kilowati 3 kwa volti 230 inavuta ampea 13. Mtu ananiambia "lakini programu yangu inaruhusu." Programu inaruhusu chochote, ni maandishi tu, kinachoungua ni mguso wa relei. Hita, pampu na AC vinapita kwenye kontakta, yaani relei kubwa ya mizigo mizito, na paneli inawasha koili ya kontakta peke yake. Ukinikatalia kontakta, kazi hiyo siifungi.